Mhindi wa Jamhuri, Mtoto wa Mmaragoli

Hamjambo, ndugu zangu. Ni muda sasa mnaniambia nisimame niseme neno, nami kila mara nakuja na sababu ya kuketi. Leo mke wangu ameweka begi la mtoto juu ya kiti changu, kwa hivyo sina pa kurudi. Acha niseme.

Sitataja jina la mtu. Ndivyo tulivyokubaliana katika ukumbi huu, na ni vizuri. Jina langu wenyeji mnalijua. Wageni nawaambia tu kwamba ni jina la Kimaragoli, na nikilitaja mahali, watu huchungulia nyuma yangu wamwone mwenyewe anayekuja.

Kwa sababu mnaniona. Mimi ni Mhindi. Nywele, pua, nyusi hizi zinazotaka kukutana. Ukinipata Parklands nimesimama mbele ya duka, utaniuliza bei. Lakini lugha niliyoota nayo ndoto za utotoni ni Kimaragoli, chakula kinachonituliza nikiwa na homa ni ugali na mrenda, na mama yangu ni yule pale mstari wa pili, mwenye kitambaa cha buluu, anayejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mama, usijifiche. Leo ni zamu yangu.

Baba, ambaye hayuko nasi tena, alikuwa fundi wa makochi. Kibanda chake kilikuwa kando ya Barabara ya Ngong, na ukipita ulimwona ameshika misumari mdomoni. Mama alikuwa mpishi wa shule. Walitoka Vihiga wakiwa wachanga wa ndoa, wakapanga nyumba Jamhuri, wakangoja mtoto, mtoto hakuja. Wakanichukua mimi kwenye makao ya watoto, wakapitia mahakama, nikawa wao. Hilo hawakunificha. Wangelificha wapi? Wengine hapa mmetueleza jinsi mlivyoambiwa ukubwani kwamba waliowalea siyo waliowazaa, dunia ikapinduka siku moja. Mimi niliambiwa na kioo.

Mtaani watoto waliniita Mhindi, na hawakuwa na ubaya. Kulikuwa na Mrefu, kulikuwa na Kichwa, kulikuwa na Mhindi. "Mhindi, niaje, leo unacheza golini." Basi, nacheza golini. Nilidhani ni jina kama jina lingine.

Shida yangu ilianzia malangoni.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anayefanana na mamake hajui lango ni kitu gani. Kwake lango ni mahali pa kupita. Kwangu lilikuwa mahali pa kuulizwa. Tukienda kwenye maonyesho ya kilimo hapo Jamhuri Park, lango. Tukienda kliniki, lango. Wikendi Mama alikuwa akiitwa kupika kwenye sherehe huko Lavington, kwenye zile nyumba za kuta ndefu, na akinichukua kwa sababu Baba yuko kazini, lango. Askari anamwangalia Mama, ananiangalia mimi, anamwangalia tena Mama.

"Mama, huyu mtoto ni wa nani?"

Zamani zile Mama alikuwa anajibu, "Ni wangu." Askari anacheka, anamwita mwenzake aje asikie. Siku moja kwenye kliniki hawakucheka. Tulizuiwa mpaka Baba akaitwa kazini, akaja na karatasi za mahakama, vumbi la sponji bado liko kwenye nywele zake. Nilikuwa mdogo, lakini siku hiyo naikumbuka.

Baada ya siku hiyo Mama akabadilisha jibu. Akiulizwa huyu ni wa nani, alisema, "Namlea." Neno moja tu. Askari akisikia hivyo, anaelewa anavyotaka, kwamba huyu ni yaya wa Wahindi fulani, na lango linafunguka. Jibu halikuwa la uongo. Mama alikuwa ananilea. Lakini mimi mtoto nilisikia kitu kingine. Jana nilikuwa "wangu," leo nimekuwa "namlea." Nikajua nimeshushwa cheo. Sikumuuliza. Nililibeba hilo neno miaka na miaka, nikalifanya godoro la kulalia.

Nikakua. Baba alifariki nikiwa chuoni nasomea ufundi wa lifti. Tukampeleka Vihiga. Kule nyumbani vijana waliopewa kazi ya kupokea watu hawakunijua vizuri, nilikuwa nimekaa miaka bila kwenda. Waliniona, wakakimbia kunilaki. "Karibu sana, mgeni wetu." Wakanipeleka kwenye hema la wageni wa heshima, wakanipa kiti chenye mto na chupa ya maji.

Na mimi nikaketi. Mtoto wa pekee wa marehemu, nimeketi na chupa ya maji katikati ya diwani na waheshimiwa wake, kwa sababu niliona haya kusema, "Samahani, mimi ndiye mfiwa."

Mama aliniona kutoka mbali. Aliinuka alipokuwa ameketi na wanawake, akavuka uwanja mzima watu wakimtazama, akanishika mkono akaniketisha karibu na jeneza. Wajomba na baba wadogo wote walinitendea wema. Hakuna aliyenikataa, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Walinitendea wema kama mtu anavyomtendea mgeni.

Nikarudi mjini, nikaanza kazi. Kazi ya lifti inakufikisha kila mahali, na mimi eneo langu likawa Westlands na Parklands. Siku moja tukapigiwa simu kwamba lifti imekwama Parklands, kwenye jengo la fleti, na ndani kuna mzee. Nikaishusha kwa mkono polepole, nikafungua mlango. Alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, shati limelowa jasho. Alitoka akanishika mikono yote miwili na kuanza kusema nami kwa Kigujarati. Alisema kwa muda. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi nilikuwa nimesimama nikimtazama, sielewi hata neno moja.

Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe kwenu wapi?"

"Jamhuri, mzee."

"Hapana. Kwenu kabisa."

Nikainama kuokota bisibisi.

"Baba yako hakufundisha wewe lugha?"

"Baba yangu alikuwa Mmaragoli."

Alicheka. Alidhani namchekesha ili apoe moyo. Akanipiga bega kidogo, akaenda zake. Nikaketi kwenye ngazi na vyombo vyangu. Yule mzee alikuwa ameniambia maneno mazuri, ya shukrani labda, au ya baraka, au ameniambia jambo la maisha yake lililompitia akilini akiwa gizani mle ndani. Mpaka leo sijui. Yalikuwa maneno yangu, na yalinipita.

Basi nikaanza kwenda Parklands hata siku zisizo za kazi. Jumamosi nanunua bhajia, naketi mahali, nawatazama watu. Ndugu zangu, nilikuwa natafuta pua. Nilikuwa natafuta vidole. Kuna siku nilimfuata mwanamume fulani kutoka duka la mboga mpaka karibu na msikiti kwa sababu alitembea akitupa mguu wa kulia nje kidogo, kama mimi. Akageuka.

"Bro, kuna shida?"

"Pole. Nilidhani ni mtu ninayemjua."

Na hilo lilikuwa kweli kuliko alivyodhani.

Siku nyingine nikafika kwenye mlango wa hekalu, nikasimama tu. Kijana mmoja wa kujitolea akanikaribisha, akanionyesha pa kuacha viatu, baadaye akanipa chakula kwenye sahani. Akaniuliza jina la ukoo. Nikamwambia. Akalirudia polepole mdomoni kama mtu anayeonja chumvi, akatabasamu, akaniongeza wali. Hakunikosea kitu. Lakini nilipokuwa nakula nilijiona niko kule kwenye lile hema, na chupa ya maji mkononi.

Niwaambie nilichokuwa nimekuwa. Mimi ni fundi wa lifti, acha niseme kwa lugha yangu. Nilikuwa kama lifti isiyo na ghorofa ya chini. Unabonyeza, inashuka, inashuka, haifiki popote.

Katikati ya hayo nikampata mke wangu. Yeye ni Mkikuyu wa huku Dagoretti. Wazee wangu walipokwenda kwao kupeleka posa, wakwe walikuwa wameandaa meza wakiwangoja Wahindi, mara magari yakafunguka wakatoka Wamaragoli wakisalimia, "Mirembe." Hiyo nitaisimulia siku ya kucheka. Walinipokea vizuri. Tukaoana. Nikadhani nimepona.

Halafu akashika mimba.

Tulipokwenda kliniki, daktari alituuliza maswali anayomuuliza kila mtu. Upande wa mama, kuna kisukari? Mke wangu akajibu, shangazi mmoja. Presha? Nyanya. Pacha? Wapo, wengi. Nikaona ukoo wake wote umeingia mle chumbani na kuketi. Daktari akanigeukia.

"Na upande wa baba?"

"Sijui."

"Ugonjwa wa moyo?"

"Sijui."

"Kuna mtoto aliyewahi kuzaliwa na tatizo lolote?"

"Daktari, sijui."

Mke wangu akanishika mkono chini ya meza. Tulipotoka nilikaa kwenye usukani nikashindwa kuwasha gari. Yeye hakuniuliza. Alishuka, akazunguka, akaniambia nisogee, akaendesha mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo niliporomoka. Usingizi ulikwisha. Chakula kikawa kama karatasi. Nilikuwa nawaza, mtoto huyu nitampa nini? Atarithi kitu nisichokijua, na siku atakaponiuliza, "Baba, mimi nimetoka wapi," nitamwonyesha mlango wa makao ya watoto. Kazini msimamizi wangu alinikuta nimesimama juu ya lifti, bisibisi mkononi, sikumbuki nilitaka kufungua nini. Aliniteremsha mwenyewe. Akaniambia, "Ndugu, nenda nyumbani. Kazi hii haitaki mtu nusu." Hakunifukuza. Alininusuru, na pengine alimnusuru mtu mwingine asiyejua.

Nikakaa nyumbani na mapazia yamefungwa. Mama alikuwa anakuja Jumapili baada ya ibada. Tunazungumza mvua. Tunazungumza bei ya sukari. Anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Anaondoka.

Mke wangu ndiye aliyenileta hapa. Alisikia habari za kikundi hiki kwa mwalimu mwenzake, akanivalisha shati kama mtoto, akanileta. Wengine mnakumbuka nilikaa pale karibu na mlango. Nilisikia mama mmoja akieleza jinsi alivyolelewa Ulaya na watu weupe, akarudi Nairobi akiwa mtu mzima, na hapa nyumbani anaongeleshwa Kiswahili anajibu kwa Kizungu, watu wanadhani anaringa. Ndugu zangu, nililia. Ilikuwa hadithi yangu imevaa nguo nyingine. Nilikuwa nadhani niko peke yangu duniani.

Nami siku yangu ikafika nikasema kidogo. Dada mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, leo sijamwona, akaniuliza, "Umewahi kumuuliza mama yako siku ya kwanza ilikuwaje?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

"Nitamuumiza."

"Amekuambia hivyo, ama umejiambia?"

Nilikwenda nalo nyumbani lile swali. Mama akaja Jumapili, nikalifikisha mpaka kwenye meno, nikazungumza mvua.

Sasa nifike nilipotaka kufika.

Binti yetu alizaliwa asubuhi, jua limeshatoka, katika hospitali moja huko Parklands. Wakamfunga kwenye shuka wakanipa.

Sijui nitawaelezaje. Ninyi mliozaliwa mkawakuta watu wenu, mnaamka kila siku mnaona pua zenu zikitembea sebuleni, mkono wako uko kwa kaka, kicheko chako kiko kwa shangazi, hata hamwoni. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na sikuwa nimewahi kumwona mtu wa damu yangu. Hata mmoja. Huyu alikuwa wa kwanza. Alifungua macho akanitazama, na juu ya macho kulikuwa na nyusi hizi. Zangu. Ndogo, kama zimechorwa kwa penseli. Nikatafuta kiti. Muuguzi akaniuliza, "Baba, uko sawa?" Nilihisi kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Daktari wa watoto akaja kumpima. Dada mpole sana. Akatuonyesha kwamba sikio la kushoto limekunjwa, sehemu ya juu imelala juu ya nyingine. Akasema tusiogope, mara nyingi hufunguka lenyewe. Halafu akauliza tu, vile wanavyouliza, "Kuna mtu kwenye familia aliyezaliwa hivi?"

Mke wangu akasema kwao hakuna.

Na mimi nikasema lile neno langu. "Sijui."

Hata kwenye furaha ile, likanipata.

Hapo nikamkumbuka Mama. Alikuwa ameniambia atafika mapema. Nikapiga simu. "Niko hapa kitambo," akasema. "Niko chini."

Nikashuka. Nikamkuta karibu na mahali pa kuegesha magari, kwenye benchi la madereva na kina yaya wanaongoja waajiri wao. Ameketi katikati yao, thermos ya uji wa wimbi magotini, wanazungumza vizuri tu. Askari wa pale kwenye wodi alikuwa amemwambia kwamba wafanyakazi hungoja chini. Askari alipomuuliza anakwenda kwa mgonjwa gani, Mama alikuwa ametaja jina la mke wangu na kusema, "Mume wake ni yule Mhindi, namlea tangu mdogo." Askari akaelewa anavyotaka.

Kitu kikanipanda. Tukawa tunazungumza Kimaragoli, nawatafsiria. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukusema wewe ni mama yangu?"

Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini maji ni maji. "Nimezoea."

"Umezoea nini?"

Akasogeza thermos, nikaketi. Wale madereva wakageukia upande mwingine, watu wenye heshima. Mama akasema, "Unaikumbuka ile siku ya kliniki? Ulikuwa umenishika sketi. Askari aliinama akakuuliza wewe, 'Mtoto, mama yako yuko wapi?' Ukaninyooshea kidole. Akacheka, akakuuliza tena. Ukaninyooshea tena. Mara ya tatu hukunyoosha. Ulijitazama mkono." Akafuta kifuniko cha thermos. "Nikasema moyoni, hakuna mtu atakayemuuliza mtoto huyu swali hilo tena mbele yangu. Nikatafuta jibu ambalo wataliamini upesi, tupite."

Nikamwambia, "Mama, mimi nilidhani umenishusha cheo."

Naye akasema maneno ambayo nitakwenda nayo kaburini. Akasema, "Aliyeshuka ni mimi, mwanangu. Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni."

Ndugu zangu, nipeni dakika.

Miaka yote ile. Kila lango la mji huu. Mwanamke mwenye ndoa yake na heshima yake kanisani, anakubali kuitwa yaya wa mtoto wake mwenyewe ili mtoto asitazame mkono wake. Na mimi nyuma pale nimenuna, nadhani nimekataliwa. Upendo ulikuwa unapita juu ya kichwa changu kama ndege, nami naangalia viatu.

Nikambebea thermos, nikamshika mkono, tukapanda. Askari wa wodi akasimama. Nikamwambia, "Huyu ni mama yangu." Akatuangalia mara moja, akasema, "Pole mama, pita," akafungua. Ilichukua muda mfupi hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kupigana.

Ndani Mama akaosha mikono kwanza, vizuri, kama mpishi. Akambusu mke wangu. Halafu akampokea mtoto, akaketi karibu na dirisha, akafungua shuka usoni.

Akamtazama kwa muda mrefu sana, nikaanza kuogopa. Nikawaza, anatafuta kitu chake na hakipati. Wakati wa kuzaliwa kwa mtoto nyanya hutafuta sura, anasema hili ni paji la fulani, hiki ni kidevu cha marehemu. Nikawaza, maskini Mama, atasema nini?

Mabega yake yakaanza kutikisika. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamwangukia mtoto.

"Huyu namjua," akasema.

"Mama?"

"Huyu nilimwogesha."

Akatueleza, macho yakiwa kwa mtoto. Wakati ule akina mama wa kanisa lao walikuwa wakienda Jumamosi kwenye makao ya watoto, kufua na kuogesha wachanga. Siku hiyo wakiwa kwenye mabeseni, gari likafika na mtoto amefungwa kwenye taulo. Alikuwa ametoka kuzaliwa juzi au jana, kitovu kilikuwa hakijaanguka. Mlezi wa pale alitoka akauliza nani ana mikono mikavu.

"Mimi nilikuwa na mikono mikavu," Mama akasema. "Wenzangu wote walikuwa na povu. Nikapewa wewe."

Akamgeuza mtoto kidogo kwenye mwanga. "Hivi hivi. Nyusi hizi. Mdomo huu wa kununa. Na sikio hili, la kushoto, limekunjwa kama chapati. Nilikuwa nalikanda kwa mafuta kila nikija. Likafunguka lenyewe. Hata wewe hujui lilikuwa limekunjwa."

Daktari alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Akasema kwa upole, "Kwa hivyo yupo mtu kwenye familia."

"Yupo," Mama akamjibu. "Ni baba yake."

Mimi nilikuwa nimeshika kitanda cha mke wangu kwa mikono miwili. Hakuna picha yangu ya uchanga. Haipo. Yule aliyenizaa, Mungu anajua aliniona kwa muda gani. Sura yangu ile ya siku za kwanza ilikuwa imehifadhiwa mahali pamoja tu katika dunia nzima, machoni pa mpishi wa shule kutoka Vihiga. Nimezunguka Parklands nikiwafuata watu njiani, nikiomba kimoyomoyo mtu mmoja anitazame aseme, huyu anafanana na fulani. Na mtu wa pekee aliye hai aliyeweza kusema maneno hayo alikuwa anakuja kwangu kila Jumapili kuosha vyombo.

Basi nikauliza. Palepale, mbele ya daktari na kila mtu. "Mama, kwa nini mlinichukua mimi?"

Hakuumia. Nilikuwa nimemwogopea bure. Ungemwona, alijiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyengojea swali miaka mingi na uji umepoa.

"Watu walikuwa wakija kuchagua," akasema. "Wahindi hawakuja. Waafrika wakikufikia walisema mtoto mzuri, lakini watu watasema. Wanapita. Mimi nikarudi nyumbani nikamwambia baba yako, pale kuna mtoto nimemzoea, sijui nitafanyaje. Alikuwa anagonga kiti. Hata kugonga hakuacha. Akaniambia, 'Basi mlete umzoee hapa.'"

Hivyo tu. Nilikuwa nimetunga sababu nyingi kichwani, za huruma, za dini, za kukosa mwingine. Kumbe nilizoewa.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani nilipona siku hiyo. Nilikuwa na wiki mbaya baadaye, na bado zipo. Nilirudi kazini polepole. Bado kuna swali la upande ule mwingine, na hakuna mtu humu ndani wa kuniambia nisiliulize. Nimeanza kujifunza Kigujarati kidogo kwa yule mzee wa lifti. Nilimtafuta, na ananicheka sana. Hakumbuki aliniambia nini siku ile. Mimi ni Mhindi na mimi ni Mmaragoli, na binti yangu ni hayo yote na Mkikuyu juu yake. Nilikuwa nadhani mambo haya yanapigana ndani yangu. Siku hizi naona yanakaa tu, kama wapangaji wa jengo moja, wengine hawasalimiani lakini wanaishi.

Namshukuru mke wangu, aliyechukua usukani bila kuniuliza. Namshukuru msimamizi wangu kwa kuniteremsha. Nawashukuru ninyi, na yule dada wa nyuma, mwambieni swali lake lilifika. Baba, popote ulipo, ahsante kwa kutoacha kugonga.

Na kama nina neno la kuwaachia, ni hili. Wenzangu mliolelewa, muulizeni aliyewaosha wakati bado yuko. Msimhurumie kwa niaba yake. Na ninyi wazazi mliolea, msingoje kuulizwa. Kuna jambo dogo unalolijua peke yako, labda la sikio tu, na mtoto wako anazunguka mji mzima akilitafuta.

Mwezi huu nimeanza kuulizia habari za mama aliyenizaa. Nilimwambia Mama kwa hofu. Akaniambia tutakwenda wote, yeye anaijua njia ya yale makao. Jana nikamuuliza, "Mama, na tukimpata, utamwambia nini?"

Alikuwa anamfunga mjukuu mgongoni. Akakaza fundo kwanza.

"Nitamwambia mtoto wake alifika salama," akasema. "Lazima amekuwa akiwaza."